Ng'ombe wa Kifaransa

Jumatatu, 3 Juni

Chai, vitumbua viwili vya Lwitiko, daftari. Ndiyo asubuhi yetu. Wiki sita za ndoa na bado nikimwangalia anafunga kamba za viatu najisikia kama nimeokota kitu cha mtu na mwenyewe hajaja kukidai. Mume wangu. Naandika tena. Mume wangu.

Baridi ya Mbeya leo inakata masikio. Alinivisha koti lake juu ya khanga, akavuta kigoda karibu na jiko, akafungua daftari. Maswali matatu, aliyaandika ofisini wakati wa chakula cha mchana. Kwa nini meza ni ya kike kwa Kifaransa. Kwa nini maneno yana herufi za mwisho ambazo hazisomwi. Kwa nini wakati uliopita uko wa aina mbili.

La kwanza nililijibu vizuri. Nilimwambia, kwani kiti ni ki-vi kwa sababu gani? Mti ni m-mi kwa sababu gani? Ni ngeli tu, unazaliwa unazikuta. Alicheka, akasema mwalimu wake ana akili. La pili nikasema zile herufi ni kama wazee kwenye harusi, wamealikwa lakini hawachezi. Akaliandika hilo, kama lilivyo. La tatu nikasema chai inapoa.

Anaamini kila ninachosema. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 5 Juni

Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuuandika.

Sijui Kifaransa. Nilikisoma Iringa mpaka Kidato cha Nne na nikapata D. D ya kubahatisha.

Siku ya kikao cha mahari kule nyumbani Mafinga, mshenga wao aliuliza binti ana elimu gani. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa. Nilikuwa chumbani na shangazi, tunasikiliza ukutani. Baba mkubwa akasema: "Kidato cha Nne, na Kifaransa juu yake. Huyu mkimwacha Ulaya asubuhi, jioni mnamkuta ameshafungua genge." Watu wakacheka. Mshenga akatoka nje kupiga simu Mbeya kwa baba yake Lwitiko. Aliporudi akasema mzee ameongeza ng'ombe mmoja. Tangu siku hiyo ukoo mzima unamwita ng'ombe wa Kifaransa.

Shangazi alinifinya paja nisiseme kitu. Nisingesema hata hivyo. Nilimtaka Lwitiko kuliko nilivyotaka ukweli. Nilidhani ni maneno ya kikao, yangeisha pamoja na nyama.

Hayakuisha. Lwitiko ni karani wa makaratasi kwenye kampuni ya malori yanayokwenda Lubumbashi. Mwezi wa nne, siku chache baada ya harusi, walitangaza nafasi ya msimamizi wa ofisi ya kule. Barabarani kule Kiswahili kinatosha, anasema, lakini forodha na wakubwa ni Kifaransa. Usaili utakuwa kwa Kifaransa, tarehe 26 mwezi huu. Wenzake wanalipia masomo. Yeye akawaambia, mimi mwalimu ninaye ndani.

Alilisema hilo mbele yangu, ameweka mkono begani kwangu. Nikatabasamu. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Juni

Wakati uliopita wa aina mbili. Nilikitafuta kitabu changu cha zamani chini ya sanduku nikakisoma huku naosha vyombo, kurasa zimelowa. Jioni nikamjibu. Nikamwambia kuna "nilikuona" na kuna "nilikuwa nakuona". Nilikuona: mara moja, stendi ya Mafinga, umeshika mwavuli uliovunjika. Nilikuwa nakuona: kila Jumamosi ukija kukagua mbao za malori yenu, na mimi najifanya nanunua vocha.

Akaweka kalamu chini. Halafu akasema, "Kumbe ulikuwa unajifanya."

Hilo lilikuwa sahihi, nililihakiki mara mbili. Nilikuwa na furaha. Kama maswali yote yangekuwa hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Si hivyo.

Leo aliuliza kwa nini "nimekula" inakwenda na kitenzi cha kuwa na kitu, lakini "nimekwenda" inakwenda na kitenzi cha kuwa. Kwa nini useme j'ai mangé halafu useme je suis allé. Amegundua mwenyewe kwa kulinganisha sentensi. Ana kichwa kizuri mno, ndiyo shida.

Nilikumbuka kitu cha mbali, sauti ya Madam ubaoni, vitenzi vya mwendo. Nikasema kwa sauti ya uhakika kabisa: vitenzi vyote vya mwendo ni vya kuwa. Vyote? Vyote.

Akaandika kwa wino mwekundu. Halafu akaanza kutunga. Je suis marché. Je suis couru. Je suis voyagé. Nimetembea, nimekimbia, nimesafiri. Kazi yake ni safari, kwa hiyo hilo la mwisho amelirudia mchana kutwa. Akipasua kuni, je suis voyagé. Akinawa, je suis voyagé. Mpaka mama mwenye nyumba akamuuliza kama anaumwa.

Kuna kitu hakikai sawa sikioni kwangu. Sijui ni nini.

Jumapili, 9 Juni

Uyole kwa wakwe baada ya ibada. Baba mkwe bado anashika mila. Mke wa mtoto hakutani naye uso kwa uso, hasemi naye. Siku hizi mjini wengi wameacha. Yeye hajaacha. Anakaa sebuleni, mimi jikoni, katikati kuna pazia. Salamu zangu zinapita kwa mama mkwe kama barua. Sijawahi kuuona uso wake vizuri. Namjua kwa kikohozi.

Leo kile kikohozi kilimuuliza Lwitiko: "Kifaransa kinaendeleaje?"

"Vizuri, baba. Mwalimu mkali."

"Basi usishindwe. Ng'ombe yule alikuwa wa bibi yako."

Nilikuwa namenya ndizi. Nilijikata kidole. Mama mkwe akasema, "Ndaga, mwanangu, pole," akanifunga kitambaa. Ana mikono laini. Nilitaka kumwambia palepale. Nikauliza chumvi iko wapi.

Jumanne, 11 Juni

Soko la Mwanjelwa, kwa mama wa Kikongo anayeuza vitenge, Mama Divine. Nilijifanya nataka kitenge. Nilimwambia kwa Kifaransa, kwa kujaribu, kwamba mume wangu amesafiri. Yaani: Il est voyagé.

Alicheka mpaka akashika meza. "Aii, mama. Mtu hasemi vile."

"Husemaje?"

"Il a voyagé."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Njo vile. Na weye, kwa nini unasema amesafiri?"

Nikamuuliza na mengine. Je suis marché? Hapana. Je suis couru? Hapana, akacheka tena, akamwita jirani yake aje asikie. Kanuni ni ipi basi? Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini maji ni maji. "Mi nasema tu. Kanuni iko kwa walimu. Tafuta mwalimu."

Niliondoka na kitenge nisichokitaka.

Kwa hiyo nimemfundisha mume wangu uongo kwa wino mwekundu. Siku kumi na tano zimebaki. Amelirudia mara mia. Litatoka lenyewe mdomoni mbele ya wale wakubwa, watacheka kama alivyocheka Mama Divine, naye atasimama pale na koti lake la harusi. Nimeona picha hiyo mchana kutwa. Sikuweza kula.

Jioni aliuliza subjonctif ni nini. Nikasema ni ya mwaka wa pili.

Ijumaa, 14 Juni

Mafinga. Nilimwambia Lwitiko kwamba mama amenipigia, nikachukue maharage. Kweli alinipigia. Kweli maharage yapo. Uongo wangu siku hizi una mifupa ya kweli ndani yake, ndiyo maana unasimama.

Alinisindikiza stendi saa kumi na mbili. Alinifunga skafu yake shingoni akanunua karanga akaziweka mfukoni mwangu bila kusema. Basi lilipopita Chimala nilikuwa nimelia karanga zote zimelowa. Jirani yangu, mama wa mchele, alidhani nimefiwa. Akanipa pole ya msiba. Niliipokea.

Mama alinitazama mara moja akasema, "Umekonda. Anakupiga?" Nikasema hapana, ananifungia skafu. Hakunielewa.

Nyumbani kwetu panasikika misumeno mchana kutwa. Zamani sikuisikia.

Jumamosi, 15 Juni

Iringa mjini, Kihesa, kwa Madam Agripina aliyenifundisha Kifaransa. Amestaafu. Nilimkuta uani anachambua mbegu za mahindi.

"Kamwene, Madam."

"Kamwene. Wewe si yule wa D?"

Nilikuwa nimenakili maswali yote ya Lwitiko, kumi na saba, na majibu niliyompa. Alivaa miwani akasoma kama anasahihisha. Kalamu yake ilikuwa nyekundu ya kweli. Alipomaliza akasema, "Kumi na moja umekosa. Nani kakufundisha haya?" Halafu akakumbuka ni yeye, akacheka kidogo, akaniletea kiti.

Alianza moja baada ya moja. Vitenzi vya kuwa ni vichache, karibu vyote ni kuja, kwenda, kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuzaliwa, kufa. Kusafiri hakumo. Kutembea hakumo. Kukimbia hakumo. "Hivyo vichache ni vya kuhama hali au mahali. Vingine vyote, mwendo ni kazi kama kazi nyingine."

Nikauliza subjonctif. Akasema, "Kiswahili unasema lazima naondoka au lazima niondoke?"

"Niondoke."

"Hiyo e ya mwisho nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo hiyo. Unayo mdomoni tangu utotoni. Unaogopa jina lake tu."

Wakati ujao pia. Nitaondoka, naenda kuondoka, wao wanazo zote mbili kama sisi, na la karibu wanalisema kwa kwenda. Na "kama ningejua", kwamba wao baada ya kama hawaweki nge, wanaweka ile nilikuwa nakuona. "Si je savais", hiyo si yao ndiyo kama yetu. Niliandika haraka mpaka mkono ukafa ganzi. Kwa saa nzima sikuwa na hofu. Nilikuwa naelewa. Nilifikiri, angalau mara moja maishani ningeweza kuwa ninachodaiwa kuwa.

Halafu akavua miwani. "Sasa utamwambiaje? Maana daftari lake lina wino mwekundu. Huwezi kuufuta bila kusema nani alimwandikisha."

Nikasema naogopa.

"Unamwogopa mume?"

"Hapana. Naogopa uso wake siku hiyo."

Akarudi kwenye mbegu zake. "Mimi nilikaa na D za watu miaka thelathini. D haiui. Anayekufa ni yule anayeificha." Akanipa mahindi ya kuchemsha nile njiani.

Jumapili, 16 Juni

Nimerudi. Alikuja stendi kunipokea, akabeba gunia la maharage begani kama mtoto. Amepika. Wali umeungua chini, mboga haina chumvi, nimekula yote. Kwa siku mbili nilizokuwa sipo ametunga insha, ukurasa mzima, juu yangu. Mke wangu alikuja, mke wangu alisafiri, mke wangu aliondoka Mafinga. Amesoma kwa sauti, amesimama katikati ya chumba.

Makosa kila mstari. Yote ni yangu.

Sikusema. Nilisema ni nzuri sana. Ilikuwa nzuri sana.

Jumatatu, 17 Juni

Sikukuu ya Idd, ofisi imefungwa. Majirani wameleta pilau. Baada ya kula nikamwambia.

Nilimwambia vibaya. Nilipanga maneno njia nzima kutoka Iringa na yote yakakimbia. Nikasema, "Sijui Kifaransa. Baba mkubwa alitia chumvi. Nilipata D." Nikamwekea karatasi ya Madam mbele yake, majibu kumi na moja yamekatwa.

Aliacha kutafuna. Akasoma karatasi. Akauliza neno moja, "Kusafiri?"

"Si vile."

Akafungua daftari lake, akalitazama ukurasa kwa ukurasa, polepole, kama mtu anayetazama picha za msiba. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Akasema, "Nilimwambia kila mtu." Halafu akavaa viatu akatoka.

Ule uso. Nilikuwa nimeuogopa kwa wiki nane na ulikuwa mbaya zaidi ya nilivyoufikiria. Haukuwa na hasira. Ulikuwa unafikiria upya kila kitu nilichowahi kumwambia. Stendi. Mwavuli. Vocha. Nilitaka kumkimbilia nimwambie hayo ni kweli, hayo ni kweli yote. Nikabaki nakusanya sahani za pilau.

Alirudi kabla ya giza. Alilala ameangalia ukuta.

Jumanne, 18 Juni

Hakuna chai pamoja. Aliondoka na daftari.

Mama alisema zamani mwanamke akirudishwa kwao, anarudishwa na vyombo vyake. Nimehesabu vyombo vyangu bila kujua kama nahesabu. Sufuria nne.

Alhamisi, 20 Juni

Ameongea. Anakwenda kwa Mama Divine kila mchana badala ya kula, anarudia sentensi naye. Jana aliileta karatasi ya Madam akaniambia, "Nielezee hii ya kama ningejua." Sauti ya kazini, sauti ya kuomba mhuri. Nikamweleza. Alielewa. Tulikaa hivyo saa nzima, mwalimu wa uongo na mwanafunzi wake, daftari katikati kama pazia la mkwe.

Hakunigusa. Lakini alipomaliza kunywa maji akaniachia nusu ya kikombe. Nimekinywa. Niliogopa kufurahi.

Jumatatu, 24 Juni

Kusafiri. Bado. Anasema vizuri mara tano, ya sita inatoka ile ya wino mwekundu. Anapiga paja. Mimi naumia kuliko paja.

Usaili keshokutwa. Tuna siku mbili za kung'oa nilichokipanda kwa wiki mbili.

Jumatano, 26 Juni

Saa tatu aliingia. Saa tano alitoka. Nilikuwa nje ya geti la kampuni, upande wa pili wa barabara, najifanya nasubiri mtu. Nilimwona anashuka ngazi. Nilijua kwa mabega.

Alivuka barabara akaja kusimama karibu nami. Akasema mwanzo ulikwenda vizuri. Alijitambulisha, akawaita vous wote kama nilivyomfundisha, kwamba vous ni shikamoo yao. Walimpenda. Halafu wakamwambia asimulie safari yake ya mwisho ya mpakani. Ikatoka. Akajisahihisha, ikatoka tena. Kila akifungua mdomo ilikuwa mlangoni inasubiri. Alipoteza njia, akaanza kuchanganya hata alivyovijua. Wamemwambia arudi baada ya miezi mitatu kwa nafasi nyingine. Hii imechukuliwa na mwenzake aliyelipia masomo.

Sikusema samahani. Neno lilikuwa dogo. Tulitembea mpaka nyumbani. Vumbi la malori yanayokwenda kule.

Alhamisi, 27 Juni

Simu kutoka Uyole. Baba yake anatuita Jumapili. Amesikia.

Lwitiko anasema twende. Hasemi atasema nini. Sijauliza. Naogopa jibu la kila upande. Akisema ukweli, kikao kitaitwa, baba mkubwa ataletwa kutoka Mafinga kujieleza, na kila mtu atajua. Asiposema, nitakuwa mtu anayefichwa.

Jumapili, 30 Juni

Nipo mezani naandika. Niandike kwa mpangilio.

Tulifika. Mimi jikoni na mama mkwe, wao sebuleni, pazia katikati. Kikohozi. Halafu baba mkwe akaanza, sauti ya chini, ya mtu aliyeandaa.

"Nieleze. Mwalimu unaye ndani ya nyumba. Wenzako wanalipa, wewe unafundishwa na mkeo juu ya chai. Umeshindwaje?"

Lwitiko akasema: "Sikujitahidi, baba. Kichwa changu kizito."

Nilikuwa nimeshika mwiko.

"Kichwa kizito," akasema mzee. "Tangu lini? Mwalimu wako wa darasa la saba alikuja hapa kunipongeza. Leo kichwa kizito. Mwanamke wa watu amehangaika na wewe bure. Unamtia aibu mkeo."

Lwitiko akasema, "Ndiyo, baba."

Ndiyo, baba. Mume wangu. Alikaa pale anakula aibu yangu kijiko kwa kijiko, baada ya yote niliyomfanyia. Sijawahi kumpenda mtu hivyo na sijawahi kuogopa hivyo. Vilikuja pamoja.

Nikamshika mama mkwe mkono. Nikamwambia kwa kunong'ona: mwambie baba, si yeye. Mwambie mimi sijui Kifaransa. Msemaji wetu alitia chumvi na mimi nikanyamaza. Nimemfundisha makosa, ndiyo maana.

Mama mkwe alinitazama muda mrefu. Akajifuta mikono. Akasogea kwenye pazia akasema kwa sauti ya kupatanisha, "Baba, mkweo anasema Kifaransa chake kimelala kidogo. Kimeshika kutu. Shule ni zamani."

Alitaka kuniokoa. Nilijua. Na nilijua vilevile kwamba ndivyo ilivyoanza. Mtu mwema amebeba neno langu katika njia fupi, na lilipofika upande wa pili limeshanona. Ningenyamaza tena ningekuwa salama kabisa.

Sikuamua. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikasema kwa sauti yangu, nikilikabili pazia: "Hakijalala, baba. Hakikuwepo."

Mama mkwe akaweka mkono kinywani. Mwiko ukaanguka chini. Upande wa pili hakuna kiti kilicholia, hakuna kikohozi. Nilisikia kuku nje. Nilifikiri, sasa. Sasa ndiyo watahesabu sufuria zangu.

Nikainama nikaokota mwiko.

Kisha mzee akasema, taratibu, akimwambia mkewe kana kwamba mimi sikusema: "Mwambie mkwe wangu. Yule ng'ombe naye hazai. Alikuwa na bibi miaka minne, hajawahi hata kushika mimba. Mshenga wetu aliwaambia Mafinga ni mtamba anayekaribia kuzaa."

Mama mkwe akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, amejiziba na khanga, machozi yanamtoka. Akasema, "Basi ndiyo maana mama yake huyu anauliza kila akipiga simu, mtamba anakula nini."

Mzee hakucheka. Akaendelea, na hii aliisema kwa ukali, kwa Lwitiko: "Maneno ya washenga ni ya washenga. Walikula, wakaondoka. Lakini wewe usikae tena kwenye kiti changu ukaniambia una kichwa kizito. Mimi ndiye niliyekizaa."

"Ndiyo, baba."

"Na mwambie mkweo, mama. Sauti nimeisikia. Kuna kuku juu ya hilo."

Kuku wa faini, kwa sababu nimesema naye moja kwa moja. Nitampeleka Jumapili ijayo. Jogoo, mama mkwe anasema, si tetea, na asiwe na kasoro, safari hii.

Njiani kurudi Lwitiko alitembea mbele yangu kidogo, kama kawaida yake akiwa anafikiri. Karibu na nyumba akasimama kunisubiri. Akauliza, "Na vocha?"

Nikasema vocha ni kweli. Zote. Nilikuwa nazo kumi na nne, sikuwa na hata simu ya kuziweka.

Alichukua mfuko wa ndizi mkononi mwangu, akahamishia mkono wa nje, ule wa ndani akaniachia.

Alhamisi, 4 Julai

Baridi imezidi. Maji ya ndoo yalikuwa na ganda jembamba la barafu juu, nimelivunja kwa kikombe.

Amenunua daftari jipya Mwanjelwa. La mistari mipana. Jumamosi tutakwenda kwa Mama Divine wote wawili, baada ya soko, mwenyewe amesema tuje na viti vyetu. Nimemwandikia Madam pia, nimeuliza kama anapokea maswali kwa barua.

Bado naamka na ile hofu. Nadhani itachukua muda kujua kwamba haina kazi tena.

Asubuhi alikuwa anajinyoa kwenye kipande cha kioo dirishani, povu nusu uso. Akaniuliza kwa nini Wafaransa wakihesabu themanini wanasema ishirini mara nne. Nilikuwa nachochea mkaa.

Nikasema sijui.

Akasema, "Haya," akaendelea kunyoa shavu la pili.